Fundi Anajibu: Kuirudisha Kazini Chenso ya Zamani

Barua nyingi za safari hii zinahusu chenso kubwa za zamani, na katika hizo Stihl 070 ndiyo inayotajwa kuliko zote. Si ajabu. Mashine hii ilitoka kiwandani Ujerumani mwaka 1968, ikiwa mtoto wa Stihl Contra ya mwaka 1959. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 58, pistoni inatembea milimita 40, ujazo wake ni kama cc 106, na imepasua mbao katika misitu yetu kwa miaka mingi. Vipuri vyake bado vinapatikana, halisi na vya kuiga. Majibu yaliyo hapa yanaifaa pia chenso yoyote ya tu-stroku ya enzi hizo.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Marehemu baba ameniachia Stihl 070. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi, kamba ya stata imekatika, na tangi linanuka kama rangi ya mafuta. Jirani ananiambia niweke petroli mpya na plagi mpya, kisha nivute tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Pole kwa kufiwa, ndugu yetu. Ushauri wa jirani usiufuate. Chenso iliyolala miaka kumi huwa nzima ndani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Inaharibika siku ya kuamshwa. Sili za kranki (raba zinazozuia hewa kupita pembeni mwa shafti ya injini) zimekauka, dayaframu (viwambo) za kabureta zimekuwa ngumu, mpira wa petroli umepasuka. Ukiilazimisha iwake hivyo itakula hewa nyingi na petroli kidogo, na kwa kuwa oili ya kulainisha pistoni inakuja na hiyo petroli, pistoni inaungua kabla tangi la kwanza halijaisha.

Anza kwa kuisafisha nje, hasa mapezi ya silinda na ndani ya kava la stata. Unga wa mbao uliochanganyika na oili huganda hapo, ukaziba njia ya upepo wa kupoozea. Kisha fungua plagi na umimine kijiko kimoja cha chai cha oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) ndani ya silinda. Zungusha flaiwili (lile gurudumu lenye sumaku nyuma ya stata) kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, usitie nguvu. Changanya oili ya gia otomatiki na dizeli nusu kwa nusu, jaza juu ya pistoni, uiache siku mbili. Baadaye weka spana kwenye nati ya flaiwili na uitikise nyuzi chache mbele, nyuzi chache nyuma. Nyundo isikaribie.

Hatua inayofuata ndiyo ya kuamua kama utatumia pesa au la. Fungua ekzosi, boliti zake ni chache, na umulike tochi ndani ya tundu lake huku ukipandisha na kushusha pistoni. Pistoni nzima ina ngozi laini ya kijivu, na mistari ya mashine iliyoichonga bado inaonekana. Ukiona mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, au alumini iliyopakaza kama siagi juu ya ringi, hiyo imekwisha kuungua zamani na huenda ndiyo sababu iliwekwa stoo. Soma jibu la swali la nne kabla ya kununua chochote.

Kama ni nzima, weka kamba mpya ya stata, ya kama milimita 4.5, kisha upime kompresheni. Geji yako iwe na vali kwenye ncha inayoingia silinda; zile zenye mpira mrefu na vali karibu na saa husoma chini sana kwa injini ndogo. Fungua choki, bana trigali hadi mwisho, vuta mpaka mshale usimame. Bar 8 na kuendelea inatosha kwa mashine ya umri huu. Chini ya bar 6 usihangaike na kabureta kwanza, tatizo liko kwenye ringi au silinda.

Tangi: mwaga kilichomo, tia petroli kidogo pamoja na nati kumi hivi ndogo, tikisa hadi utando wa kahawia utoke, suuza. Hesabu nati zikitoka. Badilisha mpira wa petroli na filta ya ndani ya tangi bila kujadili. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzuri, lakini ukiukunja utaona nyufa nyembamba kama nywele, na kila ufa unavuta hewa.

Kabureta ya 070 ni Tillotson aina ya HL. Nunua kifurushi cha dayaframu na gasketi. Kabla ya kufungua, piga picha kila tabaka, kwa sababu wengi hupotea hapa: upande wa dayaframu ya kupimia, gasketi hutangulia kwenye mwili wa kabureta, ndipo dayaframu, ndipo kifuniko. Ukigeuza mpangilio huo injini itakosa petroli na utaitafuta hitilafu wiki nzima. Kile kijiti kinachobonyeza sindano ya kuingizia petroli, ncha yake inayoguswa na dayaframu iwe sawasawa na sakafu ya chemba. Ikiwa juu, petroli inafurika. Ikiwa chini, injini inakosa. Pima kwa kulaza ukingo wa rula. Skrubu mbili, H (ya mlio wa juu) na L (ya mlio wa chini), zifunge taratibu hadi ziguse, halafu uzifungue mzunguko mmoja kila moja. Hapo ni pa kuanzia tu. Kurekebisha kwenyewe hufanywa injini ikiwa ya moto.

Hata hapo bado hujavuta kamba. Kuna sili, na hizo zimeelezwa kwenye swali la tatu.

SWALI: Yangu haina moto kabisa. Nimenunua plagi tatu. Ni ile ya zamani yenye pointi, na fundi wa pikipiki amekataa kuigusa. (Msomaji, Njombe)

JIBU: Plagi tatu ni pesa iliyopotea, maana plagi ndiyo inayopimika kirahisi kuliko vyote. Chukua moja, weka uwazi wa milimita 0.5, ilaze kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, vuta kamba. Kabla ya kuvuta, chomoa ule waya wa swichi ya kuzimia. Chenso nyingi zinazosemwa "hazina moto" zina swichi iliyoshika kutu au waya uliochubuka na kugusa bodi.

Bado hakuna? Pointi, yaani vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, ziko nyuma ya flaiwili, kwa hiyo lazima itoke. Ili kranki isizunguke, ingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi. Angalia pistoni iwe imeshapanda na kupita tundu la ekzosi ndipo uingize kamba, la sivyo itadumbukia kwenye tundu na kukatwa. Nati ikifunguka, vuta flaiwili kwa pula yake. Ukiigonga nyundo ukingoni utavunja mapezi au utaipunguzia sumaku nguvu.

Nyuso za pointi zikiwa nyeusi au zina unga wa kijivu, zikwangue kwa katupa kembamba. Msasa tunaukataa: chembe zake hubaki katikati na kuzuia umeme. Malizia kwa kipande cha karatasi ngumu kilicholowa petroli, ukipitishe hadi kitoke safi. Kisha zungusha kranki mpaka pointi zifunguke kabisa na upime kwa fila geji: milimita 0.35 hadi 0.4. Uwazi huu unagusa pia taiming, yaani wakati cheche inaporuka, kwa hiyo kukisia kwa macho hakufai.

Pointi zikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, kondensa inayozilinda imechoka. Ibadilishe pamoja na pointi. Siku hizi kuna vichipu vidogo vya kielektroniki vinavyochukua kazi ya pointi na kondensa zote mbili, vinaunganishwa kwenye koili ileile. Ni dawa nzuri kwa mashine ya kazi. Anayetaka chenso ibaki kama ilivyotoka kiwandani atabaki na pointi zake, na hatumlaumu. Wenye 070 za miaka ya baadaye angalieni kwanza: huenda yenu ilishatoka na mfumo wa kielektroniki na hakuna pointi za kutafuta.

Wakati flaiwili iko mezani, tazama kile kipini cha chuma kinachoifunga kwenye kranki. Kikiwa kimekatika nusu, taiming imehama, na dalili yake ni kamba inayokunyang'anya mkono wakati wa kuwasha. Ncha ya kranki na tundu la flaiwili zifutwe zikauke. Tone la grisi hapo, hata nati ukaze vipi, flaiwili itateleza na kukata kipini kipya.

SWALI: Nimeifanyia kabureta yote upya. Inawaka vizuri, baada ya dakika kadhaa inapandisha mlio yenyewe bila kubana trigali, ikipata moto inazima na haiwaki mpaka ipoe. Nimechezea skrubu mpaka nimechoka. (Msomaji, Kitale)

JIBU: Acha skrubu, na usiiwashe tena hadi umalize kusoma. Injini inayopandisha mlio yenyewe inavuta hewa mahali isipotakiwa. Kila dakika unayoiacha ikilia hivyo unachoma pistoni.

Jaribio la sekunde mbili kwanza: ikizima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu", tundu la kupumulia la tangi limeziba, na dawa yake ni sindano na petroli ya kusafishia. Lakini tundu hilo haliwezi kueleza mlio unaopanda ukiwa umeachia trigali. Hapo watuhumiwa ni sili mbili za kranki, gasketi ya chini ya silinda, na kiungo cha kabureta.

Kipimo sahihi ni cha presha. Fungua ekzosi na kabureta. Kata vipande viwili vya raba ya tairi la ndani, kimoja kizibe tundu la ekzosi, kingine tundu la kabureta, kila kimoja kikandamizwe na kibati kwa boliti zake. Pistoni iwe chini kabisa ili njia za pembeni ziwe wazi na hewa ifike chemba ya kranki. Ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa adapta. Presha inayotakiwa ni bar 0.5, nayo isishuke kwa sekunde 20. Huna pampu ya karakana? Pampu ya mkono ya mashine ya kupimia shinikizo la damu, ile ya saa na mpira wa kubonyeza, inafanya kazi. Saa yake huishia milimita 300 za zebaki, ambazo ni kama bar 0.4, na zinatosha kuonyesha uvujaji. Usizidishe bar 0.5, utasukuma sili nje wewe mwenyewe.

Mshale ukishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo. Toa flaiwili na klachi ndipo uone sili zenyewe, povu litakuonyesha. Klachi za chenso nyingi hufunguka kinyume cha desturi, yaani kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa, basi tafuta alama iliyochorwa juu yake kabla ya kuegemea spana. Zungusha kranki polepole wakati presha imo, kwa sababu kuna sili inayoshika ikiwa imetulia na kuvuja kwenye pembe fulani tu.

Kuna kosa moja la kipimo hiki: sili ikiwa imechoka mdomo, presha ya ndani huubana mdomo kwenye kranki na kuficha uvujaji. Ndiyo maana karakana nzuri hupima pia kwa kunyonya, bar 0.5 kwenda chini, na katika sekunde 20 mnyonyo usipungue kupita bar 0.3. Asiye na pampu ya kunyonya, na mashine imekaa zaidi ya miaka kumi, abadilishe sili zote mbili bila kusubiri ushahidi. Bei yake haifikii robo ya bei ya silinda na pistoni.

Kutoa sili: toboa tundu dogo kwenye uso wake wa chuma, ingiza skrubu ya bati, ivute kwa koleo. Biti isizame, nyuma yake kuna beringi. Mpya ipakwe grisi mdomoni na kuingizwa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, igongwe polepole ikae sawa na ya mwanzo. Shafti ikiwa na mtaro uliochimbwa na sili ya zamani, iweke mpya juu zaidi kidogo ili mdomo uguse chuma kisicholika. Na kama kranki inacheza juu na chini ukiitikisa kwa mkono, beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu hata mwezi.

SWALI: Pistoni ina mikwaruzo na silinda ina michirizi myeupe. Fundi anasema achonge silinda aweke pistoni kubwa. Je, ni sahihi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Si sahihi. Silinda hizi ni za alumini zilizopakwa kromu ngumu kwa ndani. Ukichonga unaondoa kromu, na unabaki na alumini inayosuguana na alumini. Mara nyingi ile michirizi myeupe si majeraha ya silinda, ni alumini ya pistoni iliyonata juu ya kromu.

Alumini hiyo hutolewa na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Koroga kijiko kimoja kwenye nusu kikombe cha maji. Soda ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda. Chovya pamba kwenye kijiti na uguse michirizi tu. Itachemka. Povu likitulia futa, rudia. Fanya nje, pasipo moto wowote, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na inawaka. Vaa glavu na miwani. Usiache ikatiririka kwenye tundu la ekzosi au njia za pembeni, huko hakuna kromu na itakula silinda yenyewe. Suuza kwa maji mengi, kisha pitisha msasa namba 400 wenye oili, kwa mkono, kwa mzunguko wa kukatana.

Sasa pitisha ukucha. Ukiteleza bila kukwama, silinda inarudi kazini na pistoni mpya. Ukucha ukikwama, au ukiona rangi nyingine ikichungulia chini ya kromu, nunua silinda.

Kwenye kufunga: ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake ndani ya mitaro, mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi, na vile viklipu vya pini viwe vipya. Klipu ya zamani ikiruka wakati injini inakwenda, inalima ukuta wa silinda yote kwa sekunde moja. Silinda za kuiga zichungulie kingo za matundu. Zikiwa kali, zilainishe kwa msasa, maana ringi hukwama hapo na kuvunjika. Na kabla ya yote jiulize kwa nini ya kwanza iliungua. Ukifunga pistoni mpya juu ya sili mbovu utatuandikia tena.

SWALI: Nichanganye oili kiasi gani? Kibandiko kinasema moja kwa ishirini na tano, duka wanasema hamsini, wapasuaji huku wanaweka "kwa macho". (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Kwa oili nzuri ya 2T ya injini za kupozwa na hewa, 1:50, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa dumu la lita tano. Kwa oili usiyoijua, 1:25, mililita 40 kwa lita. Kibandiko kiliandikwa wakati wa oili za zamani. Kwa chenso inayopasua mbao mchana kutwa tunapendelea katikati, 1:40, ambayo ni mililita 25 kwa lita, na plagi itavumilia.

Wanaomimina kwa macho hudhani oili nyingi ni usalama. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi kilekile. Oili ikiongezeka, petroli inapungua, injini inapata joto zaidi na ekzosi inaziba masizi. Oili ya injini ya gari namba 40 haifai kuchanganywa, inaacha majivu. Oili ya boti nayo haifai. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Changanya cha kutumia ndani ya mwezi mmoja.

Na ile oili chafu ya gereji mnayoweka kwenye mnyororo: ina vumbi la chuma linalokula baa na pampu, na inarukia ngozi na mapafu yenu. Oili mpya ya bei nafuu, namba 30 au 40, inafanya kazi hiyo vizuri. Kuhakikisha pampu inatoa, elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi injini ikilia. Baada ya muda mfupi uone mstari wa matone.

SWALI: Imewaka! Sasa nairekebishaje, na mnyororo ninoe vipi kwa kupasua mbao? (Msomaji, Tunduru)

JIBU: Hongera. Iache ipate moto dakika tatu. Tafuta kwa L mahali inapoitikia trigali bila kusita, kisha weka mlio wa kutulia ambao mnyororo hautembei. Mnyororo ukitembea hata mlio ukiwa chini, springi za klachi zimelegea. H usiitafutie mlio mkali. Ikibanwa hadi mwisho bila kukata, isikike ikikoroma kidogo; ikizama kwenye gogo mkoromo upotee. Ikiwa safi kabisa hewani, fungua H robo mzunguko. Matangi mawili ya kwanza baada ya pistoni mpya iache ikorome zaidi, na usiipasulishe gogo nene.

Mnyororo wa kawaida wa 070 ni wa hatua ya inchi 0.404, unene wa milimita 1.6, na tupa yake ni milimita 5.5. Kukata gogo kwa upana, pembe ni nyuzi 30 au 35. Kupasua mbao kwa urefu, punguza hadi nyuzi 10. Ubao unatoka laini na injini haikabwi. Kile kidole cha mbele ya jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.8. Ukikishusha zaidi ili "ile haraka", chenso itaruka.

Hapo kwenye kuruka: nyingi za mashine hizi hazina breki ya mnyororo. Tazama kwenye yako. Kama haipo, usikate kwa ncha ya baa, usinyanyue juu ya mabega, na usimpe kijana anayejifunza. Funga kipini cha kudakia mnyororo ukikatika kama kimeng'oka. Kabla hujaiingiza msituni pita ofisi ya misitu ya wilaya uulizie usajili na kibali, kwa sababu chenso isiyo na karatasi hukamatwa pamoja na mbao zake.